Kiti cha Ma Kokushubira

Mama yetu mpendwa, Celestina Kokushubira Rugemalira, alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 3 Mei 1919, mtoto wa pili wa mkulima wa kahawa. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Odeta, binti yake mkubwa. Aliniagiza nisome kwa sauti na nisilie katikati, kwa hiyo mnivumilie.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nne. Hapo babu akasema yatosha, ada iende kwa kaka zake. Mama hakuusahau uamuzi ule. Alizoea kutuambia, "Kahawa nilichuma mimi, pesa yake ikajadiliwa na wanaume sebuleni, mimi niko jikoni nawapikia."

Mwaka 1938 alifunga ndoa na baba yetu, Venant Rugemalira, karani wa pamba, wakahamia Mwanza na kujenga hapa Pasiansi. Mama aliuza ndizi na kahawa zilizokuja na meli ya Bukoba. Kwa faida yake mwenyewe, mwaka 1954, alinunua hisa katika kampuni ya vyombo vya kuvusha watu na mizigo kwenda Kamanga. Miaka miwili baadaye wenye hisa walimpigia kura akaingia kwenye bodi, mwanamke pekee. Siku hiyo baba alimtania, "Haya, mkurugenzi, chakula je?" Mama akamjibu kiko jikoni, ajipakulie. Na baba alijipakulia.

Baba alifariki Agosti 1959. Siku ya kuanua matanga, kwa desturi yetu Wahaya, ukoo ulimkalisha mdogo wake, Ta Mutayoba, yaani Mzee Mutayoba, kwenye kiti cha marehemu kuwa mrithi. Mama alipiga vigelegele kama wenzake. Wiki iliyofuata aliingia kwenye kikao cha bodi, akamkuta shemeji yake amekaa kwenye kiti chake. Mwenyekiti, Mzee Salehe Mbaruku, alimwambia kwa upole, "Mama Odeta, sasa pumzika. Mrithi amekuja." Siku hiyo walitaka kugawana faida yote ya mwaka, na walijua mama atapinga, maana injini ya chombo kikubwa ilikuwa imechoka.

Mama alimwamkia mwenyekiti shikamoo, kisha akamgeukia mgeni. "Shemeji, kiti cha nyumbani umekalishwa na ukoo, na mimi nilishangilia. Hiki nilipigiwa kura. Nipishe."

Ta Mutayoba akampisha. Mama akaketi na kubishana hadi adhuhuri, mpaka wakurugenzi wawili wakamuunga mkono, na faida ikanunua injini. Walimwita jeuri. Naam, alikuwa jeuri, na injini hiyo hiyo ndiyo iliyowavusha watu wa Kamanga kuja kusherehekea Uhuru. Waliomwita jeuri nao walikuwamo chomboni.

Alianza kuugua moyo mwaka 1963, ila vikao hakuacha. Mwezi uliopita, akiwa amelazwa, Ta Mutayoba alimletea machungwa, akauliza taratibu kiti kitabaki kwa nani. Mama akasema, "Machungwa, asante. Kiti, waulize wenye hisa." Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Februari 1965. Aliagiza azikwe hapa, kwenye kiwanja alichonunua mwenyewe, si kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, kule Bukoba.

Ameacha watoto watatu, Odeta, Gaudensi na Adelina, wajukuu watano, dada yake Ma Leokadia, na shemeji yake Ta Mutayoba, ambaye leo ameshika jeneza pamoja nasi, na tunamshukuru.

Tangu jana hapa msibani nasikia minong'ono kwamba tukimaliza matanga, ukoo utamkalisha baba mdogo kwenye kiti cha mama kule kwenye kampuni. Imeniuma sana, hata kaburi halijafukiwa. Mkutano wa wenye hisa ni Jumamosi, tarehe 27. Jina langu nimeshalipeleka. Baba mdogo, shikamoo. Na wewe peleka lako, tupigiwe kura.

Mama, pumzika kwa amani. Sijalia.