Mtaa Usio na Shida ya Maji

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi saa, na birika la kahawa hukaa chini, upande wa kivuli. Siku hiyo kahawa ilipoa bila kuguswa. Ofisi ya mtaa ilikuwa imebandika ripoti ya watafiti wa chuo: mtaa wetu hauna shida ya maji, hivyo bomba jipya litawekwa mtaa wa pili. Mwenye pingamizi alete barua kabla ya saa kumi. Kalamu nilishika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

— Hawa watafiti wa jamii wanakuja na majibu mfukoni, alisema Kinyozi.

— Wewe walikuuliza nini? nilimuuliza.

— Kama maji yanatosha nyumbani.

— Ukajibu?

— Mgeni kaja na shati limepigwa pasi, nimwambie kwangu kuna kiu? Nilisema tunashukuru, yanatosha.

Fundi Saa alicheka mpaka lenzi ya jichoni ikamdondoka.

— Kumbe wewe ndiye uliyetuponza!

— Na wewe ulisemaje, mzee?

— Mimi? Nilisema yanabaki.

Sikucheka. Mimi pia nilijibu yanatosha, na mama yangu alipanda kilima cha kisimani miaka thelathini na mmoja, mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

— Lakini sayansi gani hiyo inaamini kila inachoambiwa? Fundi Saa alipandisha sauti. Saa ikiniambia ni sita, mimi naifungua kwanza!

— Hawataki tupone hao, alisema Kinyozi. Dhiki ikiisha watamtafiti nani? Chuo kitafungwa!

— Basi sisi ndio walimu wao. Watupe vyeti!

— Watupe na majoho!

— Jamani, muda unakwenda, nilisema. Tukiandika tunateseka tu, watauliza kiasi gani.

— Andika sana.

— Sana ni ngapi?

Mke wa Kinyozi alikuwa anapita, ndoo kichwani. Akasimama.

— Shemeji, unaandika nini?

— Barua ya bomba, shemeji. Tunawaeleza shida yetu ya maji.

— Vizuri. Mmeandika mimi huenda kisimani mara ngapi kwa siku?

Nilimtazama Kinyozi. Alichukua wembe, akaanza kuunoa. Fundi Saa alianza kutafuta kitu chini ya meza yake. Shemeji alisubiri pale pale, mkono mmoja juu ya ndoo, maji yakimdondokea begani.