Sufuria Iliyoita Watu Ipagala

Wa Bwana asifiwe, nimewasikia. Wa asalaam aleikum, nimewasikia. Na ninyi mliokaa kule mlangoni mkisubiri chai, nanyi nimewasikia, maana matumbo yenu yanasema kwa sauti kuliko mimi. Wazee wangu, shikamooni.

Kikundi chetu cha Ipagala kimeniomba niwaeleze wageni wetu kutoka Miyuji jinsi tulivyoanguka na jinsi tulivyoinuka. Wenzetu hawa mvua ya juzi imewalaza nyumba chini, na wanasema hawajui waanzie wapi. Nimeambiwa niseme kwa kifupi. Ndugu zangu, mimi nimepata cheti changu cha darasa la jioni nikiwa na ndevu, nikakitembeza Dodoma nzima mpaka mbuzi wa Majengo wakakifahamu. Mtu kama huyo hamwezi kumpa nafasi ya kusema halafu mkamwomba ufupi. Ila jina la mtu sitataja. Wanaohusika watajijua, na ninyi mtawajua kwa jinsi watakavyocheka.

Mnakumbuka miaka ile maduka yalipoanza kujaa? Sabuni za kila rangi, redio, mitumba, mabati yanang'aa mpaka unaona meno yako. Zamani ulikuwa na vihela, vitu hakuna. Sasa vitu vipo dukani vinakutazama, nawe unavitazama, hakuna anayemsalimia mwenzake. Nilikuwa mlinzi wa ghala la shirika la umma. Shirika likafungwa, tukapunguzwa kazi. Nikaenda Majengo kubeba magunia kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa nafaka, na jioni nasoma. Nilikuwa na mgongo wa punda na kichwa cha profesa. Mke wangu, yule pale anayejificha kwenye khanga, husema ni kinyume chake.

Nyumba yangu ilikuwa tembe, ile ya kwetu hasa: nguzo, fito, udongo kutani, na paa bapa lililotandazwa udongo juu. Niliijenga kwa kuita watu. Desturi mnaijua: mwenye kazi anaita, na anayeita anapika. Mke wangu alipika ugali na togwa, tukachinja kuku, majirani wakaja na majembe yao, na jua halijazama nyumba ikawa imesimama. Hakuna aliyelipwa. Lakini chungu lazima kiwe jikoni. Kumwita mtu akufanyie kazi kisha arudi kwake na njaa, hiyo kwetu ni aibu ambayo hata wajukuu wako wataoa nayo. Na kwenda kwenye nyumba ya mtu bila kuitwa ukaanza kugusagusa fito zake, hiyo ni aibu ya pili. Ni kama kumwambia, wewe si mtu.

Sasa, ukaja ukame. Ukakaa kwetu, ukaondoka, ukarudi kuchukua ulichosahau. Nilikonda, nawaambia, nikigeuka upande mke wangu ananitafuta. Kisha mvua ikakumbuka kwamba kuna mahali panaitwa Dodoma, ikatulipa yote kwa pamoja. Mvua ile hata samaki wangeomba mwavuli. Na paa la udongo likinywa maji linakuwa zito kama dhambi.

Mke wangu ni Msandawe wa kule Kondoa. Lugha ya kwao ina milio ya ulimi ambayo nimejaribu kuitoa miaka yote ya ndoa yetu nikaishia kujing'ata. Alasiri moja tumekaa ndani, akasikia boriti inalia. Akapiga kelele kwa lugha ya kwao. Watoto wakatoka mbio kama swala. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kigoda nauliza, "Unasemaje, mama?" Akarudi, akanivuta kola, tukaangukia uani. Paa likashuka nyuma yetu. Wala halikupiga kishindo nilichotegemea. Lilikaa chini taratibu, kama bibi aliyechoka. Tukasimama kwenye mvua tunawagusa watoto vichwa, mmoja mmoja. Tukimaliza, tunaanza tena.

Tulilala darasani, pale shule ya msingi, pamoja na majirani. Mtama wetu tuliouhifadhi kwenye kilindo, lile pipa la magome, ulilowa ukaanza kuota humohumo. Shambani hakukuota kitu, kilindo kikaota! Asubuhi kila mtu anakwenda kukaa karibu na kifusi chake. Mnaiona picha hiyo? Mtaa mzima umekaa, mikono ipo, majembe yapo, kila mmoja anatazama kifusi cha jirani yake na hakuna anayenyanyuka. Nani ataita watu, na atawapikia nini?

Baba mkwe wangu akaja kutoka Kondoa kwa basi. Mzee wa maneno machache, mpaka unadhani anayanunua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Wajukuu zangu wanalala wapi?"

"Kwa sasa shuleni, baba. Ila nitaita watu, tutasimamisha."

"Utawaita kwa chungu kipi?"

Ndugu zangu, nikakitazama kifusi changu, kana kwamba chungu kingechomoza humo. Akasema atawachukua mama na watoto mpaka nyumba isimame, na kama haitasimama, basi watazoea kwao. Hakusema kwa ubaya. Na mvua nyingine zilikuwa njiani, mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Kwenye kituo cha basi nilibeba mizigo huku nafanya utani, maana ndicho kitu nilichokuwa nacho. Mwanangu wa mwisho alinishika kidole akagoma kukiachia. Mama yake alimfungua vidole, kimoja kimoja, bila kunitazama. Kisha akasema, "Ukiezeka hata upande wa kitanda tu, niite." Basi likaondoka. Nilirudi Ipagala kwa miguu, na mbebaji magunia mimi sijawahi kubeba mzigo mzito kama ile mikono yangu mitupu.

Hapo ndipo shirika moja likaja. Wakatuma binti mmoja, ofisa wao, mchangamfu, ana viatu visivyofaa kwa tope letu. Akasema fedha ipo ya kutusaidia kujenga nyumba zitakazostahimili mvua na jua la siku hizi: wao wataleta saruji, mabati na misumari, sisi tutachangia nguvu kazi. Tukapiga makofi. Vitu vikaja, vikafungiwa stoo ya shule. Yeye akaondoka, nasi tukarudi kukaa karibu na vifusi vyetu.

Aliporudi akakuta hata jiwe halijasogea. Akatuita.

"Jamani, saruji itaganda. Mnasubiri nini?"

Tukatazama viatu vyake.

"Hamtaki nyumba?"

"Tunataka," tukajibu kama kwaya.

"Basi kwa nini hamjengi?"

Tukarudi kwenye viatu. Nikaona usoni kwake kwamba anaanza kutuona wavivu, na kwamba akiondoka na mawazo hayo, mabati yataondoka naye, na mke wangu atazoea kwao. Nikasimama. Miguu ilitaka kukaa, lakini mdomo ulikuwa umeshasimama.

"Dada," nikamwambia, "hatusubiri mabati. Tunasubiri kuitwa. Hapa mtu hujengewa akiita watu, na akiita anapika. Mimi nyumba yangu imeanguka, mke wangu na wanangu wamechukuliwa, na sina cha kupika. Sina hata unga wa kubandika uji. Ndiyo maana sijamwita mtu."

Nikakaa. Nilitegemea ardhi ipasuke. Badala yake jirani yangu wa kushoto akasema polepole, "Na mimi sina." Mwingine nyuma yangu, "Na mimi." Ikaenda hivyo mkutano mzima, watu wanasema kile ambacho kila mtu alikuwa anajua juu ya mwenzake na hakuna aliyekuwa ametamka. Yule niliyekuwa nadhani anajitosheleza, ndiye aliyekuwa analia.

Binti akafungua faili lake. "Kwenye ujenzi sina chakula," akasema. "Nina saruji, bati na misumari."

Bibi mmoja jirani yetu, mjane, akasema, "Basi mwanangu, leta hiyo misumari tutafune."

Tulicheka, nawaambia, mpaka ng'ombe wa Kongwa walishtuka. Binti naye akacheka, akafuta macho, akavua viatu akaketi nasi kwenye jamvi. Akafikiri. Kisha akauliza, "Kuna anayejua kujenga nyumba isiyoanguka kwa mvua kama ile?"

"Tunajua za kuanguka," mtu akajibu.

"Basi hayo ni mafunzo. Msingi wa mawe, mfereji wa kuzunguka nyumba, paa lenye mteremko. Na mafunzo yana chakula. Nitawauliza wakubwa wangu waziwazi: kila nyumba iwe darasa, na wanafunzi wale."

Wakubwa walikubali. Ila mnajua fedha za ofisi zinavyotembea. Kobe angekuwa ameshafika Singida na kurudi. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nikaenda Majengo kwa mzee wangu wa nafaka, nikamweleza kama nilivyoeleza mkutanoni. Mara ya pili haikuwa ngumu.

"We mwanafunzi wa jioni," akaniambia, "mbona ulikuwa unabeba magunia yangu na njaa bila kusema?"

"Niliona aibu, mzee."

"Aibu yako ina nguvu, imebeba mtama wangu miezi yote hii." Akaagiza nipewe mtama, maharage, na ile sufuria kubwa wanayopikia pilau ya maulidi. "Lakini sikiliza. Sufuria hii haijawahi kumwona nguruwe. Isimwone Ipagala."

"Mzee, Ipagala hata kuku hatujamwona siku nyingi."

Kinamama wa kanisa wakaleta mlenda, wa msikitini wakaleta kuni. Sufuria haikuwekwa kwa mtu. Iliwekwa uwanja wa shule, mahali ambapo si kwa yeyote. Asubuhi moshi ulipopanda, watu wakaanza kujitokeza na majembe, wanasitasita.

"Nani anaita?"

"Sufuria."

"Inaitia kazi ya nani?"

"Ya bibi wa misumari."

Kusema kweli nilidhani wataanza na mimi, kwa kuwa ndiye niliyesema. Walianza na yule bibi aliyekuwa hana mtu. Tulimwekea msingi wa mawe, na mawe Dodoma hayatatuishia hata tukijenga mpaka mwezini. Bibi hakutulia. Alizunguka, akakaa, akasimama, mwisho akaenda kwenye sufuria akawanyang'anya kinamama mwiko. "Niacheni nikoroge hata kidogo," akasema, "nyumba ni yangu." Wakamwachia akakoroga. Wakati wa kula alimkabidhi kila mtu sahani kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipoona mgongo wake umenyooka.

Fedha ya mafunzo ikafika, mzee wa Majengo akarudishiwa sufuria yake imesuguliwa mpaka akadhani tumemnunulia mpya, naye akatuambia tukae nayo. Tukaenda nyumba hadi nyumba. Kila iliposimama moja, aliyejengewa leo kesho anamwonyesha mwenzake namna ya kuinamisha paa.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimetuma ujumbe Kondoa kwa dereva wa basi. Nipo juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, na misumari mdomoni, nikasikia kutoka chini ile milio ya ulimi, sauti ya mtoto, inaita. Jamani, lugha iliyonishinda miaka yote niliielewa siku ile mpaka nukta. Nilishuka, sijui kwa ngazi au kwa hewa. Yule wa mwisho akakidaka kile kidole.

Baba mkwe akasimama akatazama. Wenye kofia za msikitini wanachanganya udongo na wanakwaya. Binti wa shirika amebeba mawe, peku.

"Mkwe, wote hawa umewaita wewe?"

"Hapana, baba. Hata mimi nimeitwa."

Kisha akavua koti, akampa mke wangu alishike. "Nipe hiyo nyundo," akasema. "Unapigilia kama unaua nyoka."

Mvua zilikuja, kubwa. Tulikaa ndani tunasikiliza bati linavyopiga ngoma, mke wangu anatazama juu, anatazama juu, mpaka akasinzia begani kwangu. Boriti haikulia.

Ninawashukuru. Namshukuru yule binti ambaye leo ni mama wa watu, aliyevua viatu akakaa chini kutusikiliza. Namshukuru mzee wa Majengo. Nawashukuru majirani zangu, na baba mkwe, na huyu mwenye khanga aliyerudi ndani kunivuta kola wakati nauliza maswali. Ninalowaambia wa Miyuji ni hili: mtakapokaa na wenye fedha, msiwaambie mnachohitaji nusu kwa kuogopa aibu. Bati wanalijua. Sufuria hawaijui mpaka mseme. Na ninyi wenyewe kwa wenyewe, semeni.

Jumamosi tunakuja kwenu, Ipagala nzima, na sufuria yetu, na mzee wa Majengo ameshatoa mtama. Najua hamjatuita. Msipike kitu. Tuonyesheni tu nyumba ya yule anayeona aibu kuliko wote, tuanze na yake.