Namba Iliyovunja Meno ya Méthode

Ndugu waombolezaji, tulieni kidogo, familia imetutuma tuwasomee maisha ya Trésor Murhula jinsi yalivyokuwa, na mjane wake, Lisette, amekataza yasipakwe sukari.

Trésor alizaliwa tarehe 3 Mei 1981 huko Bukavu, akasoma shule ya msingi hukohuko, mpaka vita vya Oktoba 1996 vilipoingia nyumbani kwao, baba yake akapigwa risasi mlangoni, yeye akakatwa panga begani, kisha akakimbia na mdogo wake Dieudonné hadi hapa Bujumbura, damu imemkaukia kwenye shati.

Alimaliza sekondari mwaka 2002, akasomea hesabu chuo kikuu, na kuanzia Septemba 2008 akafundisha lisee, shule moja ya sekondari ya Mutanga Sud. Tarehe 18 Desemba 2010 alimuoa Lisette, Mungu akawajalia Gaël na Mélissa. Alikuwa mwalimu hodari, lakini jamani, mkono wake ulikuwa mwepesi, na wanafunzi wake mliopo hapa fimbo yake mnaijua.

Kilichompandisha wazimu ni namba moja, 100 000 001, aliyoichora kwa rangi nyekundu kwenye geti lake hapa Bwiza. Aliigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, ikakataa zote, basi akatangaza kwamba haikatiki, kama yeye ambaye panga lilishindwa kumkata, na ole wake aliyebisha.

Tarehe 8 Machi 2025, kwenye kabare, baa ya jirani, Méthode, rafiki yake na mwalimu mwenzake, alimwambia huku akicheka kwamba alikata tamaa mapema, angesogea mpaka kumi na saba angeona inagawanyika bila baki. Trésor alimpasulia chupa mdomoni, meno yakaanguka mezani, na Lisette ndiye aliyeyaokota.

Tarehe 2 Aprili mshipa wa kichwa ulimpasuka darasani, akalazwa, upande wa kulia umekufa. Méthode alikuja na kidonda cha mdomo bado kibichi, wala hakudai kuombwa radhi, alimwandikia tu jibu la ule mgawanyo, 5 882 353, akamweleza kwamba hii ndiyo haigawanyiki kweli, lakini ichanje, weka 588 huku na 2353 huku, zidisha kila kipande kwa chenyewe, jumlisha, utaipata nzima tena. Trésor alikokotoa kwa mkono wa kushoto, ikarudi nzima, akalia kwa sauti, akaugusa ule mdomo alioupasua, akamwambia Lisette huyu ndiye atakayenibeba jeneza upande wa kichwa. Aliaga dunia tarehe 22 Aprili 2025.

Asubuhi hii Dieudonné, akiamini ubishi ule ndio uliomuua kaka yake, amemtwanga Méthode rungu getini, na baadhi yenu, aibu gani hii, mkapiga kelele mupige, mumalize. Méthode hakurudisha hata kofi. Yuko barabarani mpaka sasa, shati limelowa damu, na Lisette amesema apana, bila huyo mutu jeneza halitoki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bwiza, walimu wenzake, pamoja na Dieudonné, ambaye sasa ataweka rungu chini na kwenda kumfungulia Méthode geti, maana upande wa kichwa bado hauna mtu.

Trésor, pumzika, na amani uliyoipiga ngumi maisha yako yote ikupokee.