Somo Ambalo Shemeji Hakulielewa

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kifungua mimba wa mama yetu mshonaji na marehemu baba yetu, karani wa posta. Tangu utotoni kila jibu kwake lilizaa swali, na baba alizoea kusema huyu ataolewa na kamusi.

Alimaliza sekondari mwaka 1991, akasomea kompyuta, na mwaka 1998 akaajiriwa kufundisha katika chuo cha ufundi. Huko aliwakuta wanafunzi wanakariri maagizo ya programu kama kasuku, bila kujua mashine inayafanyia nini. Ndipo akatengeneza programu ya kuwafundisha, aliyoiita Mkufunzi. Ilimwonyesha mwanafunzi kila hatua inayopita ndani ya kompyuta, na kabla ya kila hatua ilimuuliza, “Unadhani nini kitafuata?” Akikosea, ilimrudisha nyuma kidogo, bila kumkaripia.

Mwaka 2001 aliolewa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Hakuna somo la Mkufunzi lililofika darasani kabla shemeji hajalipitia kwenye meza ya jikoni. Akikwama, dada alilifumua lote, akisema kosa ni la mwalimu. Chakula kiliungua mara nyingi katika nyumba ile. Tulimtania shemeji kwamba amesoma chuo miaka yote hiyo na cheti hana.

Agosti 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alikuwa amebakiza somo moja, la programu inayojiita yenyewe, yaani inayojianzisha upya ndani yake hadi ipate jibu, na alitaka sana kulimaliza. Wodini aliiweka kompyuta juu ya shuka, shemeji akavaa miwani, akajaribu. Hakuelewa. Lakini alimwona mkewe anavyotweta, akamwambia ameelewa.

Dada akamtazama, akatabasamu. “Mwongo wewe, baba watoto. Kesho tunaanza upya.”

Alifariki alfajiri ya kuamkia kesho hiyo, tarehe 14 Juni 2024. Tumeumia, na hatuna maneno ya kulipamba jambo hili.

Wenzake wa chuoni wameomba kuwapa wanafunzi somo hilo kama lilivyo. Shemeji amewakatalia. Jana, nyumba ikiwa imejaa watu, tulimkuta jikoni akilipitia. Alikwama palepale, akageuka kumuuliza mkewe.

Dada ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu na sisi wadogo zake. Alale kwa amani. Sisi huku yetu tutaitafuta taratibu.