Foleni ya Jukwaani

Juu ya lori la pamba lililotutoa Bunda, mwaka themanini na nne, bidhaa zilipokuwa adimu madukani, Mama Marcelina wa Bukima alikuwa bado anaushukuru mchezo wa pili wa tamasha la maigizo tulilotoka kulitazama huko. Waigizaji walipanga foleni mbele ya duka lililoundwa kwa maboksi, naye akapanda jukwaani na kikapu chake, akasimama nyuma yao.

"Mimi nikiona foleni naingiaga tu," alisema. "Na yule muuzaji, Mungu ambariki, hakunifukuza. Aliniuliza nina watoto wangapi, akanipa mche wa sabuni. Sabuni ya kweli!" Akautoa kikapuni, tukaunusa wote kwa heshima.

"Uliwaharibia, mama," alisema Twalib, fundi cherehani aliyeketi jirani naye. "Sabuni ilikuwa hiyo moja. Kesho yake waliigiza na tofali."

"Walipigiwa makofi?"

"Sana."

"Basi wao tofali inawatosha. Mimi ningefulia nini?"

Lori lilisimama Musoma. Nje ya duka kulikuwa na foleni. Twalib aliruka wa kwanza, wala hakuuliza kinauzwa nini. Sikumcheka, nilikuwa nyuma yake.