Ruthu Zablon Mlewa na Kopo Lake la Kunde

Jumamosi tarehe 6 Juni 1998, saa moja asubuhi, marehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwetu Ipagala, ungo mapajani, anachagua kunde. Uji tulikuwa tumekwisha kunywa. Basi lilikuwa linanguruma uani, na watu wa kipaimara walikuwa wanapanda. Aliinuka kwa shida kwa ajili ya magoti, akaja na kopo lake mpaka mlango wa basi, akatia punje moja kwa kila aliyepanda. Ishirini na mbili. Kopo akampa Gladness, binti yetu wa mwisho. Kisha akazunguka upande wangu wa usukani, akaniambia neno. Neno hilo nimeliweka mwisho.

Mimi ni Bartolomayo Chidumizi, mumewe. Sikusoma. Haya nimeyasema kwa kinywa, na Elieth, binti yetu mkubwa, ndiye aliyeandika na ndiye anayewasomea.

Marehemu Ruthu alizaliwa Handali tarehe 14 Machi 1938, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Zablon Mlewa na mama Damari. Mzee Zablon alikuwa na mbuzi wengi na hakujua kusoma. Asubuhi mbuzi wakitoka zizini, mtoto Ruthu alikaa langoni akitia punje ya kunde kwenye kibuyu kwa kila mbuzi. Jioni wakirudi, anatoa punje moja moja. Punje ikibaki, hakuna aliyekula mpaka mbuzi huyo apatikane. Kazi hiyo alipewa akiwa na miaka sita.

Alisoma shule ya misheni hukohuko Handali, akamaliza darasa la nne mwaka 1952. Alisoma vizuri. Barua zangu zote za maisha yangu yeye ndiye aliyenisomea.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1956. Tulikwenda kanisani kwa miguu, mwendo wa saa mbili, maana gari halikuwepo. Viatu alivishika mkononi, akavivaa mlangoni. Mungu alitupa watoto watano, wawili akawachukua wakiwa wadogo.

Kwa miaka mingi marehemu alikuwa akienda Makutupora kuchuma zabibu msimu ukifika, na mimi nilikuwa dereva wa shirika. Mwaka 1992 shirika lilipunguza watu. Barua ya kuachishwa aliisoma mara moja tu, akaikunja. Nilikaa siku tatu sitoki nje. Siku ya nne akaniuliza kama nimesahau kuendesha. Nikasema sijasahau. Basi, akasema, tutafute gari.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na magari ya mitumba yalianza kuonekana hata kwetu. Tulipata basi dogo kutoka Japani, ubavuni lina maandishi yao ambayo hatukuyafuta. Watu wa Dodoma walikuwa wakienda harusini kwa lori la mchanga, kina mama na vitenge vyao vipya wamesimama nyuma, wanafika wamejaa vumbi. Marehemu aliliona hilo. Akasema basi letu lisigombee abiria stendi, likodiwe kwa sherehe tu. Harusi, kipaimara, mahafali, kwaya. Alishona vitambaa vya viti, akafunga utepe mbele, Thobias mtoto wetu akaweka spika mbili. Watu walicheza kuanzia nyumbani kwao mpaka wanakokwenda.

Na kila safari alikuja na kopo. Mtu akipanda, punje inaingia. Wakishuka njiani na kupanda tena, anazihamishia mkononi moja moja. Kopo lisipokuwa tupu, gari haliondoki. Mjini wakamwita Mama Kunde. Wengine walilalamika kwamba wanahesabiwa kama mbuzi. Mimi dereva hakunihesabu. Nilimtania kwamba siku nikiachwa porini hakuna atakayejua. Alicheka tu.

Sasa nitasema habari ya tarehe 12 Februari 1994. Wengi mnaijua, ila kuna sehemu hamuijui.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Tulimpeleka bwana harusi, Seth, kuoa Chemba. Mchungaji wa huko alikuwa na ndoa tatu siku hiyo, ya Seth saa sita, na alituma ujumbe kwamba atakayechelewa atangoja mpaka baada ya Pasaka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ndugu Kefa, mfanyakazi mwenzake Seth ofisini. Yeye alikuwa na karatasi yenye majina ishirini na sita. Makutupora tulisimama, watu wakashuka kununua zabibu, wakapanda tena kwa fujo.

Saa tatu tukafika kwenye korongo kubwa. Mchanga ulikuwa mkavu lakini mzito. Niliwashusha wote. Wanaume wakasukuma, wanawake wakavuka kwa miguu, tukatoka ng'ambo saa tatu na nusu. Nilipotazama juu, kule korongo linakotoka, milima ilikuwa haionekani kwa mvua. Mtu wa huku anajua maana yake. Maji huja bila mvua kukugusa. Barabara mbele yetu ilikuwa na korongo jingine, na hilo nalo tulitakiwa kuliwahi.

Nikapiga honi. Watu wakapanda, muziki ukafunguliwa. Marehemu akahesabu, akabaki mlangoni. Ndani ya kopo ilikuwa imebaki punje moja.

Ndugu Kefa akapita kiti kwa kiti na karatasi yake, akitia alama. Ishirini na sita, wote wapo. Marehemu akasema yeye alipakia ishirini na saba, mmoja alipandia Makutupora. Kefa akasema kwenye karatasi hakuna mtu wa Makutupora. Mmoja akasema labda kunde imezaa ndani ya kopo, watu wakacheka. Mwingine akasema mama amezeeka, tumwonee huruma, twende.

"Mama, sisi si mbuzi wa baba yako," Kefa akamwambia. "Ndoa ni saa sita."

"Mbuzi wa baba walirudi wote," akajibu. "Nina punje hapa. Nionyesheni mwenyewe."

Wakaanza kumzomea. Kutoka nyuma wakaniita mimi, wakaniuliza gari ni la nani, la mume au la mke. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia mke wangu apande, watu wametimia, karatasi imesema. Mimi, nisiyejua kusoma, nilishika karatasi nikaacha kopo.

Hakupanda. Akashuka, akaja mbele ya basi, akasimama amenipa mgongo, anatazama korongo tulikotoka.

Nikatia gia. Nilidhani atapisha. Nikaachia breki kidogo, gari likasogea, likamgusa. Niliona gauni lake limejikunja kwenye bampa. Hakugeuka. Hili sijawahi kulisema, wala yeye hakuwahi kulisema kwa mtu miaka minne hii. Leo nalisema mbele yenu na mbele yake.

Nikazima injini. Muziki ukakatika. Seth alikuwa kiti cha mbele, na tangu tuondoke alikuwa na mawazo yake, hajageuka nyuma. Ndipo akasikia ugomvi wenyewe. Akauliza nani hayupo. Nikamwambia mke wangu anasema ni mtu aliyepandia Makutupora.

Seth akasimama. "Shangazi yangu," akasema.

Alikuwa amemwalika mwenyewe, akamwona akipanda katikati ya watu wa zabibu, akadhani amekaa nyuma. Waliokaa nyuma walidhani ni jamaa wa waliokaa mbele. Ni bibi Anyesi. Bibi huyu hasikii kabisa. Honi niliyopiga haikumfikia.

Kwa kuwa muziki ulikuwa umezimwa, tukasikia korongo. Sauti kama lori linalokuja kwa mbali. Marehemu alikwisha kukimbia, na magoti yale. Bibi Anyesi alikuwa chini ya kona, katikati ya mchanga, amechimba shimo, anangoja maji yajae anywe. Wakamwita, wakapiga mayowe, yeye ametupa mgongo. Seth akashuka na suti yake, akamfikia, akambeba mgongoni. Mguu wake wa mwisho ulipotoka mchangani, maji yalikuwa yanapita pale penye shimo, mekundu, na mti mzima ndani yake.

Marehemu akafungua kiganja, akamwonyesha bibi punje, akaitupa kwenye maji.

Chemba tulifika saa saba na nusu, suruali ya bwana harusi imejaa matope. Mchungaji alimtazama bibi Anyesi, akatazama suruali, akafungisha ndoa. Ndugu Kefa kila kamati aliyoongoza baada ya hapo, akiulizwa watu wangapi, alijibu ulizeni kopo. Yeye na bibi wako hapa. Bibi Anyesi amekaa mstari wa mbele.

Ugonjwa wa marehemu ulikuwa shinikizo la damu, tangu mwaka jana, na daktari alimkataza safari. Jumamosi ile ya tarehe 6 nilirudi saa kumi jioni nikamkuta ameanguka jikoni. Tulimpeleka hospitali. Alinitambua, macho yalinifuata, lakini kauli ilikuwa imekatika na mkono wa kulia haukuinuka. Mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa kitandani, unatafuta kitu. Sikujua ni nini. Alifariki Jumatano tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi. Muuguzi alinipa khanga yake. Kwenye pindo kuna fundo dogo. Sijalifungua.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Elieth, Thobias na Gladness, wajukuu tisa, na dada yake mmoja Handali. Basi lililowaleta hapa ndilo lile. Gladness amewahesabu, na atawahesabu kurudi. Mungu ampokee mama huyu, ampumzishe kwa amani pamoja na wote waliofika.

Neno aliloniambia dirishani asubuhi ile ni hili, sikuongeza na sikupunguza:

"Baba Elieth, acha kulalamika kwamba sikuhesabu. Yako naifunga hapa kwenye pindo, na ukirudi ndiyo naifungua."