Fundi wa Matanga Aliyemwambia Nahodha Apunguze

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sindano, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa kwanza wa baba yetu mshona viatu na mama yetu mkunga. Mimi ndiye kitinda mimba. Alinibeba mgongoni, na hakuacha kunikumbusha.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Mwalimu wa ushonaji alimwandikia kwamba ana mikono mizito isiyofaa kitambaa. Kweli kabisa: mikono ile ilitaka turubai.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya matanga nyuma ya bandari. Tanga hutandazwa sakafuni lishonwe, kwa hiyo mle ndani haingii mtu na viatu. Siku moja nahodha mmoja akaingia na mabuti, akakanyaga tanga jipya.

“Nahodha, vua au paa,” dada akamwambia.

Akavua. Soksi ilikuwa na tundu, na dada hakuona sababu ya kulifanya siri.

Juni 1985 nahodha huyo huyo alimchukua wavuke bahari, yeye, dada na baharia mmoja, kwa kuwa matanga ya mashua yake yalikuwa makuukuu. Hali ya hewa ilikuwa kigeugeu kumshinda mjomba wetu aliyeketi pale mbele: asubuhi jua la kupasua midomo, mchana mvua, jioni shwari hadi moshi wa jiko ukasimama wima. Dada akajifunza upesi. Nguo kavu zifungwe kwenye mfuko wa mpira, chakula kipikwe bahari ikiwa imelala, na ukianza kuwaza kupunguza tanga, yaani kulikunja kiasi lisijae upepo, basi umeshachelewa.

Alasiri moja mashua ilikuwa ikikimbia kwa raha, lakini mbele kulikuwa kumeanza kuwa kweusi.

“Tupunguze tanga,” dada akasema.

“Kwa upepo mtamu hivi? Fundi, wewe shona.”

“Nitashona. Ila sanda sishoni, na kitambaa kilichobaki hakitoshi watu watatu.”

Nahodha akacheka, akashika kamba. Fundo la mwisho lilikuwa halijakazwa vizuri dhoruba ikawaangukia. Mashua ililala ubavu, sufuria zikaogelea, lakini mlingoti ukasimama. Lingekuwa tanga zima, ungevunjika, na leo nisingekuwa na wasifu wa kusoma. Nahodha, kalowa chapachapa kwenye usukani, akapaza sauti: “Fundi, tukifika utaolewa na mimi?”

“Niulize kukiwa shwari. Kwenye dhoruba kila mwanamume ni mpole.”

Kulipotulia akauliza tena. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1985, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, asubuhi, shemeji alikuwa akimbembeleza wajaribu hospitali nyingine. Dada akamshika mkono: “Baba watoto, upepo umegeuka. Punguza tanga.” Safari hii hakumbishia. Adhuhuri dada akatutoka.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mimi mdomo wake wa pili.

Jeneza limewekwa juu ya tanga la safari ile, viraka vyake vyote vikiwa palepale. Anayekuja kumuaga avue viatu. Shemeji ameshavua, na soksi zake ni nzima. Dada alizitengeneza kabla hajalazwa.

Bahari imetulia, dada. Pumzika kwa amani.